Shughuli za mikono zikikwama darasani: tazama dalili, tafuta chanzo

Walimu wenzangu wa skuli za msingi hapa Mombasa, hii ni yenu. Tangu CBC, ule mtaala wa umilisi, ianze nchi nzima 2019 kila somo linatudai mtoto ashike, apime, akate, apande, ajenge, na kila wiki kwenye ofisi ya walimu utasikia mtu akisema "nilijaribu ile shughuli, darasa likanishinda, nikarudi ubaoni". Naomba usirudi ubaoni haraka. Shughuli ikiharibika kuna kitu kimeiharibu, na mara nyingi kitu hicho chaonekana kwa macho kabisa, ila sisi tunakimbilia kusema watoto wa siku hizi hawatulii ama skuli haina vifaa. Vifaa vichache ni shida ya kweli, sikatai, lakini nimeona darasa lina kila kitu na shughuli bado inakufa, na darasa lingine lina vifuniko vya soda na kamba tu na watoto hawataki kengele ilie.

Kwangu mimi vyanzo viwili ndo vinaongoza: mtoto anangoja bila kazi, ama mtoto ana kazi lakini hakupewa swali la kujibu. Vingine ni vya hali ya hewa yetu ya pwani na vya vifaa vyenyewe. Nitapitia dalili moja moja vile zinavyotokea.

Kelele zimezidi, hata sauti yako haisikiki

Kabla hujapiga meza simama pembeni kidogo usikilize. Kelele za kazi zina maneno ya kazi ndani yake, "shika hapa", "hiyo ndefu", "lete gundi". Kelele za kungoja zina mambo ya mpira na nani kamsukuma nani. Hizi mbili dawa yake si moja. Ile ya kwanza iache, labda funga mlango kwa ajili ya jirani. Ile ya pili tazama mikono, hesabu watoto wangapi hawana kitu mkononi, utashangaa, wakati mwingine nusu ya darasa imekaa tu.

Mbona wamekaa? Mara nyingi ni kwa sababu wewe mwenyewe ndo unagawa vifaa, unazunguka deski kwa deski na makasi, na ukifika deski ya mwisho wa kwanza washamaliza na wameanza vita vya karatasi. Au grupu ni kubwa mno, watoto kumi manila moja, sasa wale wanane wafanye nini? Au umegawa vifaa kwanza halafu ukaanza kueleza, na hapo hakuna mtu atakusikiliza maana kifaa kimeshashikwa, hata mtu mzima hawezi.

Kwa hivyo eleza kwanza, mikono ikiwa mitupu. Onyesha kwa kufanya wewe mara moja, usihutubu. Halafu muulize mtoto mmoja arudie hatua kwa maneno yake, akikwama jua maelezo yako ndo yamekwama. Vifaa vipange kabla ya kipindi kwenye maboksi ya katoni, boksi moja kwa grupu moja, na mtoto mmoja wa kila grupu aje kuchukua. Grupu iwe watoto wanne, watano kwa shida. Kama una watoto sitini na vifaa vya thelathini, gawa darasa mara mbili, nusu wanafanya kwa mikono, nusu wanachora ama wanaandika kazi isiyotaka umsimamie mtu, kisha kipindi cha pili wanabadilishana. Wengi wanaogopa hii wakidhani ni kupoteza wakati lakini kufanya mara mbili na watoto thelathini ni rahisi kuliko mara moja na sitini, amini.

Na weka ishara ya kunyamaza mapema, siku ambayo hakuna shughuli. Makofi ya mdundo ambayo wao wanajibu, mikono ikipiga makofi haishiki makasi, basi hapo umeshapata sekunde zako kumi za kusema neno.

Muda umeisha, hakuna aliyemaliza, na darasa ni takataka tupu

Kipindi chetu ni dakika 30 kwa madarasa ya chini na 35 kuanzia Gredi ya 4. Si muda mwingi. Ukitoa kueleza, kugawa, kukusanya na kufagia, mikono inabaki na dakika 15 hivi. Sasa mwalimu amepanga kujenga nyumba ya udongo yenye paa la makuti kwa dakika 15, itawezekana wapi? Kata kazi vipande. Leo kuta, kesho paa. Ama omba mwenye ratiba akuwekee vipindi viwili vinavyofuatana mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai ya saa nne. Mchana baada ya chakula na mabati yanachoma juu ya vichwa, mtoto anasinzia, na ile kazi ya kukata kwa uangalifu hapo haiendi.

Kufagia nako kuwe sehemu ya kazi, yaani boksi halirudishwi mpaka makasi yahesabiwe na chini pawe safi, na anayerudisha ni yule yule aliyechukua. Hilo tu.

Wamefurahi sana, ukiwauliza wamejifunza nini wanasema "tumekata karatasi"

Hii ndo inaniuma kuliko zote kwa sababu haionekani. Darasa limetulia, kazi nzuri ukutani, mwalimu mkuu amepita akasifu, na mtoto hajapata kitu. Chanzo chake ni kwamba shughuli ilianza bila swali. Umesema "leo tutatengeneza duara tulipake rangi tulikate robo", watoto wakapaka rangi robo saa nzima. Rangi imekula somo.

Chukua sehemu, hesabu za nusu na thuluthi na robo. Wengi tunatumia duara, twasema ni chapati, na kwa nusu na robo inaenda vizuri kwa kukunja. Ukifika thuluthi na sudusi, mtoto hawezi kukata duara sawasawa kwa jicho, vipande vinatoka vikubwa na vidogo, halafu unamuuliza ipi kubwa, thuluthi au robo, anapima vipande vyake vibovu na anakujibu kinyume, na kulingana na vile vilivyo mkononi mwake yuko sawa! Hapo kosa si la mtoto, ni la duara. Badilisha, tumia ukanda wa karatasi wa sentimita 24. Ishirini na nne yagawika kwa 2, 3, 4, 6 na 8 bila mabaki, na rula ya kawaida ya sentimita 30 inatosha. Kila mtoto akate kanda tano za urefu huo, hata za karatasi ya daftari kuukuu zilizounganishwa, moja aigawe nusu, moja thuluthi, moja robo, moja sudusi, moja thumuni, azipange moja juu ya nyingine. Na swali liwe ubaoni tangu mwanzo: "Mbona thuluthi ni ndefu kuliko robo na 3 ni ndogo kuliko 4?" Usimpe jibu. Aangalie kanda. Rangi wapake nyumbani wakitaka.

Kanuni yangu, swali liandikwe kabla kifaa hakijatoka kwenye boksi, na dakika tano za mwisho ziwe za kujibu hilo swali kwa mdomo, kila grupu msemaji mmoja. Ukikosa zile dakika tano ni afadhali upunguze kazi ya mikono.

Mmoja anafanya, wanne wanatazama

Kila grupu ina huyu mtoto, mwepesi, anashika kila kitu, na wenzake wanamwachia. Ukimkemea anakasirika na kazi inasimama. Mara nyingi sababu ni kuwa kifaa ni kimoja na kazi ni moja. Mpe kila mtu kazi yenye jina: mchukuaji wa vifaa, mpimaji, mwandishi, mjengaji, msemaji. Na makofi yakilia zinabadilika, mjengaji anakuwa mwandishi. Yule mwepesi akiwa msemaji itambidi awasikilize wenzake ndo apate la kusema.

Njia nyingine ni kazi ambayo kila mtoto ana kipande chake na vipande vinaungana mwishoni. Leso yafaa sana hapa. Kila mtoto wa Mombasa amelala juu ya leso, anajua ina pindo kuzunguka, mji katikati na jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Mpe kila mtoto karatasi ndogo ya mraba achore sehemu ya pindo, mmoja achore mji, grupu nzima itunge jina, kisha gundisheni kwenye manila. Hapo umepata ulinganifu na vipimo vya hesabu, Sanaa na Kiswahili pamoja.

Leso hii ina ugonjwa wake, pindo halikutani kwenye pembe. Ua limekatwa katikati, watoto wanaona aibu. Chanzo ni kuanza kuchora upande mmoja bila kuhesabu. Waambie waanze na pembe nne kwanza, halafu wapime nafasi iliyobaki, waigawe kwa upana wa ua moja. Ikibaki sentimita mbili wanazitawanya kati ya maua. Hiyo ni hesabu ya kugawanya ambayo mtoto anaitaka mwenyewe, hujamlazimisha.

Makasi hayakati, mtoto anararua

Angalia mkono kwanza. Makasi ya kawaida yametengenezwa kwa mkono wa kulia, mtoto wa shoto akiyashika zile ncha zinaachana badala ya kubanana, karatasi inajikunja inaingia katikati. Akikosa makasi ya shoto mpe kazi ya kukunja na kuchana kwa rula, inatoka safi tu. Usimlazimishe mkono wa kulia, tafadhali.

Gundi imevunda, karatasi zimelegea, kinyago kimeota ukungu

Hali ya hewa yetu hii. Maelekezo mengi yameandikwa kwa watu wa mahali pakavu, wanasema "acha usiku mmoja ikauke", na hapa kwetu hasa miezi ya masika, Aprili mpaka Juni, usiku mmoja haikauki kitu.

Gundi ya unga wa ngano ni nzuri na rahisi. Kikombe kimoja cha unga, koroga na maji baridi kidogo kwanza isiwe na madonge, kisha mimina kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka ukikoroga mpaka iwe kama uji mzito. Kosa kubwa ni kupika ya wiki nzima. Pika ya leo na kesho, basi, siku ya tatu kwa joto letu inanuka. Na ukibandika magazeti kutengeneza bakuli au tufe usipake matabaka sita kwa mkupuo, la ndani litabaki na maji na ndo ukungu unapoanzia. Mawili, yakauke juani, mawili tena. Ukibonyeza na inabonyea bado ni mbichi ndani, hata kama juu yang'aa.

Ule unga wa chumvi ambao walimu wengi wanaupenda, vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji, mimi siupendekezi hapa pwani kwa kitu cha kuweka. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, umbo linakauka vizuri, baada ya siku chache linatoa jasho, linalegea na mkono wa sanamu unaanguka. Kwa kuchezea na kutupa siku hiyo hiyo sawa. Kwa maonyesho ya wazazi tumia udongo.

Na karatasi zinazopeperuka ukiwasha pangaboi, kila deski iwe na vijiwe viwili. Usizime pangaboi, watoto watapikika.

Udongo unapasuka, ama masikio ya kikombe yanadondoka

Jaribu udongo kabla hujauleta darasani. Viringisha kipande kiwe unene wa kidole, kizungushe kwenye kidole chako. Ukijikunja bila ufa, ni mzuri. Ukipasuka una mchanga mwingi, na sehemu nyingi hapa kisiwani ukichimba ni mchanga na mawe ya matumbawe, kwa hivyo usishangae. Waweza kuusafisha, ukoroge na maji kwenye ndoo, subiri kidogo mchanga utulie chini, mimina yale maji ya tope kwenye ndoo nyingine, yaache siku kadhaa, udongo laini utakaa chini na maji safi utayamwaga juu.

Kama udongo ni mzuri na bado vyombo vinapasuka, basi vimekauka haraka mno au upande mmoja. Upepo wa kusi ukipita dirishani, upande wa dirisha unakauka na kujivuta, upande wa pili bado. Vianike kivulini, juu viwe na gazeti lenye unyevu siku ya kwanza. Na unene uwe mmoja, mtoto akifanya kitako kinene na ukuta mwembamba lazima ipasuke pale vinapokutana.

Masikio kudondoka ni jambo jingine. Mtoto amebandika udongo juu ya udongo kwa kubonyeza tu. Mfundishe akwaruze pande zote mbili kwa kijiti, apake uji wa udongo, ndo abandike na alainishe kwa kidole. Akifanya hivyo vitashikana.

Kitu cha kuuliza mapema: kuna wazazi ambao kwa dini yao hawapendi mtoto afinyange umbo la mtu au mnyama. Hakuna haja ya mabishano, toa chaguo kwa kila mtu, chungu, mtungi, jahazi, nyumba, mlango wa Mji wa Kale wenye nakshi. Mlango huo kwanza una kazi kubwa kuliko simba.

Mbegu hazioti, zinaoza

Wengi wanatumia maharagwe kwenye pamba, na maharagwe yanakawia. Mimi nashauri pojo, zile wengine waziita ndengu. Ukiziloweka usiku kucha, ukamwaga maji, ukazifunga kwa kitambaa chenye unyevu, siku inayofuata au ya pili kizizi kinachungulia, na mtoto wa Gredi ya 2 hawezi kungoja zaidi ya hapo.

Zikioza, tazama maji. Mbegu inahitaji hewa pia, ikizama ndani ya maji inakufa. Kitambaa kikikamuliwa kisitone. Ukiona hazioti kabisa na hazinuki, uliza maji yametoka wapi, maana visima vyetu vingi vina chumvi, na mbegu haioti vizuri kwenye maji ya chumvi. Angalia pia kama ni pojo nzima, zilizobanjwa haziwezi kuota.

Lakini usizitupe zilizooza! Weka vikombe vitatu makusudi: kimoja maji matamu kidogo, kimoja maji matamu mpaka juu, kimoja maji ya bahari. Waandike wanadhani kipi kitaota, halafu waone. Zikishaota, za kuhamishia udongoni watumie pakiti za maziwa, maana mifuko ile ya plastiki tuliacha tangu marufuku ya Agosti 2017.

Jaribio limetoa jibu "si lenyewe"

Hapa walimu wengi huona haya mbele ya darasa na wanasema "lakini jibu sahihi ni hili, andikeni". Msifanye hivyo jamani. Mtoto amepima kwa mkono wake halafu wamwambia asiamini alichokipima, basi kupima kuna faida gani?

Mfano wa yai. Kila mtu anajua yai linazama kwenye maji matamu na kuelea kwenye maji ya chumvi. Sasa mwalimu wa Likoni analeta chupa ya maji ya bahari akijua litaelea, na linazama tu. Jaribio liko sawa kabisa. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa lita na kwa yai bichi jipya hiyo haitoshi. Ongeza chumvi kijiko kikubwa kimoja kwenye glasi, koroga mpaka iyeyuke, jaribu, ongeza kidogo tena, litapanda. Watoto wakihesabu wenyewe vijiko ndo somo tamu. Na kama yai linaelea kwenye maji matamu, hilo yai ni la zamani, hewa imejaa ndani, usilivunje darasani.

Mfano wa kivuli. Kitabu chasema kivuli ni kifupi kabisa saa sita mchana. Watoto wamesimika fimbo uwanjani, wamepima, kifupi kabisa kimekuja saa 6:20. Wamekosea? Hapana. Saa tunazotumia Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, na Mombasa iko karibu na digrii 40, kwa hivyo jua linatufikia juu likiwa limechelewa kidogo. Kwa mwaka mzima linacheza, Novemba ni kama 6:05 na Februari ni kama 6:35. Waache wapime kila dakika tano kuanzia saa sita kamili na watajionea.

Na mwalimu mwingine atalalamika kuwa kivuli "kimeelekea upande mbaya". Sisi tuko digrii 4 kusini ya ikweta, jua linapita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na mwanzo wa Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba kivuli cha adhuhuri kinaangukia kusini, na miezi mingine kaskazini. Juni fimbo ya mita moja ina kivuli cha nusu mita hivi, na siku zile za Machi karibu kisionekane. Kwa hivyo kama wataka kivuli cha kupimika usichague wiki ya pili ya Machi, lakini kama wataka watoto wapige kelele za mshangao, chagua hiyo hiyo.

Chumvi ya bahari: mmechemsha maji au mmeyaanika kwenye sinia, chumvi imebaki lakini haikauki, ni uji uji. Bahari ina chumvi za aina nyingine ndani, zile za magnesiamu hasa, zinanyonya unyevu. Ianikeni saa saba jua kali, itakauka, na jioni italowa tena, waache waione.

Taa haiwaki

Betri, waya, balbu ya tochi, na hakuna mwanga. Anza na ncha za waya, mtoto mara nyingi hajamenya ile plastiki au amemenya kidogo mno. Kisha kutu, hewa yetu ya bahari inakula shaba na vichwa vya betri, sugua kwa msasa. Kama ni taa ya LED, geuza miguu, inapitisha umeme upande mmoja tu, mguu mrefu uende chanya. Na nyeupe haiwaki kwa betri moja ya volti 1.5, yataka mbili zipangwe moja nyuma ya nyingine zifike volti 3. Umeme wa ukutani mtoto asiuguse kabisa, hata kwa kuonyeshwa.

Mashua zinapinduka

Mtoto amejenga jahazi la katoni lenye tanga refu, likiguswa na upepo limelala. Uzito wote uko juu. Mpe vijiwe aweke chini kama farumi, ajaribu kimoja kimoja mpaka lisimame. Na katoni likilowa linazama lenyewe, lisuguliwe kwa mshumaa nje kabla ya kuingia majini. Fanyeni kwenye beseni, watoto wadogo msiwapeleke ufukweni kwa ajili ya hili, na kama ni lazima mwende angalia kwanza siku za bamvua maana maji hapa yanapanda na kushuka kama mita tatu na zaidi na yanarudi upesi.

Kazi imeletwa kutoka nyumbani ni nzuri kupita kiasi

Sote twajua mama ndo amekesha, ama fundi amelipwa. Usimwaibishe mtoto. Hii inatokea kwa sababu tumeagiza kitu kilichomalizika badala ya kuagiza kifaa. Agiza vifuu, makumbi, vifuniko, vitambaa vya kwa fundi cherehani, miyaa iliyobaki kwa bibi anayesuka mikeka, na kazi ifanyike darasani mbele yako. Mzazi hatumii shilingi, maana malalamiko ya wazazi kuhusu manila na rangi kila wiki ni ya haki, nyumba zingine hiyo ni pesa ya mboga. Na kama wataka mzazi ashiriki, mwombe bibi aje asuke ukili dakika ishirini watoto wakitazama mikono yake, kisha waanze wao na miyaa mitatu, wakishazoea minne.

Kuna mtoto hataki kugusa

Muulize kwa siri. Mara nyingi anaogopa kuchafua sare kwa sababu anayo moja tu na akichafua atapigwa. Shati kuukuu la mtu mzima, livaliwe nyuma mbele, linamaliza hilo. Wengine kwa kweli ngozi yao haipendi utelezi wa gundi au udongo, mpe kijiti au brashi, baada ya muda atajaribu kidole. Mwezi wa Ramadhani kumbuka waliofunga, kazi za juani na za kuonja zipange wiki nyingine, zile za kukunja na kusuka asubuhi zaenda vizuri tu.

Vifaa vimeliwa

Ukirudi Jumatatu umekuta panya wamekula pojo na mende wako ndani ya boksi la katoni wanakula gundi. Kitu chochote cha unga au mbegu kisilale ndani ya katoni, kiwe kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, ndoo hizo mafundi wa rangi wanazo tele ukiwaomba, zioshe vizuri tu kwanza. Kazi za magazeti zitundikwe kwa kamba kwenye boriti badala ya kupangwa kabatini, zinapata hewa na hazifikiwi. Betri zitoe kwenye vishikio Ijumaa, zikivuja ndani hutakuwa na kishikio wiki inayofuata.